Ronnie Coleman hakuvunjwa na chuma

Kila mara video ya Ronnie Coleman, mtunisha misuli wa Marekani aliyekuwa bingwa mara 8, akijikokota kwa magongo inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, hukumu huwa imeshatolewa kabla video haijaisha: chuma kimemmaliza. Katikati ya mwaka 2025, familia yake ilipotangaza kuwa amelazwa hospitalini kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, maneno yakawa yale yale, ingawa maambukizi ya damu na kubeba vyuma ni mambo mawili tofauti. Mzazi wa Mbagala anayemwona mwanawe akiaga kwenda jimu humtumia video hiyo. Kijana naye hurudisha nyingine, ya Coleman akipiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, na kilo 363 mabegani, kuthibitisha kwamba mwanaume haogopi uzito. Pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja, kwa kuamini kwamba kilichoamua hatima ya mtu huyu ni ukubwa wa mzigo. Kilichoamua ni muda. Coleman alibeba mizigo mizito kuliko yote ya maisha yake akiwa tayari ameumia diski ya mgongo, akaendelea hivyo kwa miaka 11 kabla ya upasuaji wa kwanza, na baada ya upasuaji akawa anarudi mazoezini wakati mwili bado unajiunga. Kwa vijana wanaobeba vyuma mitaani kwetu, jambo hilo lina maana kubwa kuliko swali la kilo ngapi.

Coleman alizaliwa Mei 13, 1964, Monroe, jimbo la Louisiana, Marekani. Alisoma uhasibu katika Chuo Kikuu cha Grambling State, akacheza huko mpira wa Kimarekani chini ya kocha Eddie Robinson, akahitimu, na kazi ya uhasibu akaikosa. Alihamia Texas, akafanya kazi kwenye duka la piza la Domino's, kisha mwaka 1989 akaajiriwa kuwa askari polisi katika mji wa Arlington. Mjini humo ndimo ilimokuwa Metroflex, jimu iliyokuwa kama karakana: vyuma vyenye kutu, hakuna kiyoyozi, na joto la Texas. Mmiliki wake, Brian Dobson, alimtazama mwili akamwambia hatalipa ada, mradi akubali kuandaliwa kwa mashindano ya Mr. Texas. Mwaka 1990 alishinda. Mwaka 1991 akatwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa na kupata kadi ya kushindana kwa kulipwa. Wengi wanaomjua kwa mataji 8 hawajui kilichofuata, nacho ni miaka ya kupigwa mfululizo. Kwenye Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, mwaka 1992 jijini Helsinki hakuambulia nafasi. Mwaka 1994 alikuwa wa 15, mwaka 1996 wa 6, na mwaka 1997 akarudi nyuma hadi wa 9. Muda wote huo alikuwa anavaa sare na kwenda kazini. Taji la kwanza alilipata mwaka 1998, Madison Square Garden, New York, akiwa na miaka 34, kwa kumpita Flex Wheeler kwa pointi chache. Hata baada ya kuwa bingwa wa dunia, kazi ya polisi ya kila siku hakuiacha hadi mwaka 2000. Jambo hili tulishike, maana linarudi tukifika kwenye suala la kipato.

Kuanzia 1998 hadi 2005 hakuna aliyemshinda kwenye Mr. Olympia. Mataji hayo 8 mfululizo yalimweka sawa na Lee Haney, aliyetawala kuanzia 1984 hadi 1991. Mwaka 2006 Jay Cutler alimvua ubingwa, na mwaka 2007 Coleman akamaliza wa 4, ikawa mwisho wake kwenye jukwaa hilo. Mwaka 2003 alipanda jukwaani akiwa na takriban kilo 130 kwenye mwili wa urefu wa sentimita 180, amekauka kiasi cha nyuzi za misuli kuonekana. Vijana hutazama zaidi vipande vya video vya kilele: skwati ya kilo 363 marudio 2, dedilifti (kunyanyua fito kutoka ardhini hadi kusimama wima) ya uzito huo huo marudio 2, mashine ya miguu yenye kilo 1,043 marudio 8. Kazi yake ya kila siku haikuwa hiyo. Alifanya mazoezi siku 6 kwa wiki, kila msuli mara 2 ndani ya wiki, na seti nyingi, yaani mizunguko ya zoezi, zilikuwa za marudio 10 hadi 12. Mwili ule ulijengwa na marudio 10 hadi 12 yaliyorudiwa kwa miaka mingi. Marudio 2 ya kilo 363 yalijenga umaarufu. Anayeiga Coleman kwa kubeba mzigo wa marudio 2 anaiga sehemu iliyochangia kidogo kabisa kwenye misuli anayoitamani.

Tuje kwenye mgongo. Mwenyewe amesimulia kwamba diski yake ilitoka mwaka 1996, akiwa chini ya skwati ya takriban kilo 270, na kwamba alisikia mlio. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, kipande cha gegedu chenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Mgongo ukipinda mbele ukiwa na mzigo, ute husukumwa nyuma. Ganda likichanika, ute hutoka na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, ndiyo maana mtu aliyeumia kiunoni hulalamikia paja, shavu la mguu au vidole. Diski nyingi za namna hii hupoa zenyewe bila kisu, mara nyingi ndani ya wiki 6 hadi 12, endapo mzigo utaondolewa na mtu akaendelea kutembea na kujinyoosha kwa kiasi. Coleman hakuondoa mzigo. Linganisha tarehe: diski ilitoka 1996, taji la kwanza 1998, la mwisho 2005, upasuaji wa kwanza wa mgongo Desemba 2007. Mataji yote 8 aliyachukua akiwa majeruhi, na video zote mbili kuu, ile ya skwati na ile ya dedilifti, ni za mtu mwenye mgongo uliokwisha kutoa onyo.

Upasuaji ule wa kwanza ulikuwa wa kukata sehemu ya mfupa wa nyuma wa pingili ili mshipa wa fahamu upate nafasi. Baadaye zikafuata operesheni nyingine, zaidi ya 10 kwa jumla, pamoja na kubadilishiwa nyonga zote mbili mwaka 2014. Kadhaa kati yake zilikuwa za kuunganisha pingili kwa skrubu na fito za chuma. Hapa ndipo watazamaji wengi hawaelewi kinachoendelea. Skrubu haziwekwi zibebe mzigo kwa maisha yote. Kazi yake ni kushikilia pingili zisicheze wakati mfupa mpya unaota kati yake, kazi ya miezi 6 hadi 12 na wakati mwingine zaidi. Mfupa ukishika, unabeba mwenyewe. Mzigo ukiwekwa kabla haujashika, nguvu yote inapita kwenye skrubu, nazo hulegea au kukatika, na daktari hulazimika kufungua tena mahali pale pale penye kovu, safari hii kwa hatari kubwa zaidi kwa mishipa ya fahamu. Hata mfupa ukishika vizuri, pingili zilizounganishwa haziwezi kupinda tena, kwa hiyo za juu na za chini yake hufanya kazi ya ziada na kuchakaa mapema. Coleman alikutana na yote mawili. Alirudi mazoezini akiwa bado kwenye magongo, mashabiki wakamshangilia, skrubu zikaharibika. Gharama ya matibabu hayo, kwa maelezo yake mwenyewe, inakaribia dola milioni 2.

Wanaosema kosa ni la chuma wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Kilo 363 mabegani haziwezi kuitwa mzigo salama kwa mgongo wa mtu yeyote, na kama Coleman angebaki kwenye nusu ya uzito ule, huenda diski isingetoka kabisa. Wanamtaja Lee Haney, mwenye mataji 8 vilevile, aliyehubiri kuusisimua msuli badala ya kuuangamiza, akastaafu mwaka 1991 akiwa na miaka 31, na leo anatembea vizuri. Wanamtaja Dexter Jackson, bingwa wa 2008, aliyepanda jukwaa la Olympia kwa mara ya mwisho mwaka 2020 akiwa na miaka 51. Hoja hii inathibitisha kwamba mwili wa ubingwa unaweza kujengwa bila kugusa kilo 363, nami naikubali yote. Inapofikia kueleza magongo, haitoshi. Dorian Yates, bingwa mara 6 kuanzia 1992 hadi 1997, alijulikana kwa seti moja nzito kupindukia kwa kila zoezi, hadi msuli unashindwa kabisa. Alichanika msuli wa mbele wa mkono mwaka 1994, na mwaka 1997 akachanika wa nyuma ya mkono wiki chache kabla ya mashindano. Alishinda mwaka huo akiwa ameumia, kisha akaacha kushindana. Leo hatembei kwa magongo. Najua msuli uliochanika si sawa na diski iliyotoka, na watu wawili hawatoshi kuwa ushahidi wa kisayansi. Hata hivyo wote wawili walibeba uzito wa kutisha, wote wakaumia, na walipotofautiana ni kwenye uamuzi uliofuata baada ya jeraha.

Wengine husema ni dawa za kukuza misuli. Coleman mwenyewe amezungumza hadharani kuhusu kuzitumia, na hakuna sababu ya kuficha kwamba mchezo huo katika ngazi ya kulipwa umejaa homoni. Dawa hizo zimeua watu, ila zinaua kwa njia nyingine. Mohammed Benaziza alikufa mwaka 1992 saa chache baada ya mashindano Uholanzi, mwili umekaushwa maji. Andreas Münzer alikufa mwaka 1996, viungo vya ndani vikigoma kimoja baada ya kingine. Moyo hutanuka, shinikizo la damu hupanda, mafuta mabaya huganda kwenye mishipa, korodani husinyaa na kuacha kuzalisha mbegu. Kwenye mgongo mchango wa dawa si wa moja kwa moja: msuli unaopewa homoni hupata nguvu kwa wiki, lakini kano na gegedu huhitaji miezi mingi kuzoea, kwa hiyo mtu hupata uwezo wa kunyanyua kitu ambacho viungio vyake havijawa tayari kukishika. Kijana wa Tandika anayeuziwa vidonge kwa kunong'onezewa anapaswa kuyajua yote haya. Lakini akizikataa dawa na bado akabeba juu ya diski iliyotoka, atafika pale pale.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kubeba chuma kwenyewe, kwa uzito wowote, kunaharibu mgongo, kunadumaza vijana na kuzeesha mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinyume chake, kwamba kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na wazee, kwa sababu mifupa huwa imara, sukari hutumika vizuri na kuanguka hupungua. Tena jiji hili halina haki ya kushituka kwa kilo za jimu wakati limekaa kimya kwa kilo za sokoni. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa kwa mikono na mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia la viazi la lumbesa hupita kilo 100, na wapagazi wa Kariakoo na Mabibo hulitwika mgongoni, kiuno kimepinda, siku nzima, mwaka mzima, bila kupasha mwili moto wala siku ya kupumzika. Hao ndio wanaovunjika migongo kwa wingi na kwa ukimya, na hakuna anayewatumia wanawe video zao. Mtu anayepiga skwati ya kilo 40 marudio 10, mgongo umenyooka, mara 2 kwa wiki, yuko salama kuliko dereva wa bodaboda anayekaa kwenye mitetemo saa 12.

Iko hoja nyingine, na hii inastahili heshima zaidi. Coleman hajuti. Amesema wazi kwamba jambo pekee analojutia ni kwamba siku ya ile skwati ya kilo 363 alifanya marudio 2 wakati alikuwa na nguvu za kufanya 4. Kama mwenyewe ameridhika, wengine ni nani wa kumhukumu? Naikubali haki yake. Alikuwa mtu mzima, alijua anachofanya, na alilipwa kwa taji kubwa kuliko yote ya mchezo wake. Lakini uamuzi wake ulikuwa na kitu upande wa pili wa mizani. Alipokataa kupumzika mwaka 1996, alikuwa na miaka 32, amechoka kushindwa, na mshahara wake ulikuwa wa polisi. Mwaka mmoja nje ya jukwaa ungeweza kumaliza kazi yake ya mchezo. Kijana wa Manzese anayebeba juu ya maumivu ya kiuno hana Madison Square Garden inayomsubiri. Anachokisubiri ni maneno ya wenzake kwenye benchi, au kazi ya ubaunsa.

Ubaunsa unahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio mlango pekee wa kipato ulio wazi kwa watunisha misuli wengi wa Dar es Salaam. Mashindano ni machache na zawadi zake haziendeshi nyumba. Baa, kumbi za harusi na matamasha huajiri kwa kutazama mwili, kwa malipo ya usiku mmoja, mara nyingi bila mkataba na bila bima. Maana yake ni kwamba mwili wenyewe ndio barua ya maombi ya kazi. Baunsa akipumzika wiki 8 kwa ajili ya kiuno, anapungua, na akipungua simu hazipigwi. Hapo ndipo hali yake inapofanana na ya Coleman wa mwaka 1996, ingawa dau ni dogo mno. Wote wawili wanaadhibiwa na soko wakipumzika, na ushauri wa "pumzika, kaka" unaotolewa bila kutazama kipato ni ushauri mwepesi. Coleman angalau alikuwa na ajira ya serikali ya mji pembeni kwa zaidi ya miaka 10. Baunsa wetu hana hiyo ya pembeni.

Vifaa navyo vina hatari yake ambayo haihusiani na uzito mkubwa. Jimu nyingi za uani, kuanzia Buguruni hadi Mbagala, zinatumia vyuma vya zege: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, mchanga na kokoto kwenye ncha mbili za bomba. Zege lina takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kopo la lita 4 likijaa hutoa karibu kilo 9.6 na ndoo ya lita 20 karibu kilo 48. Hesabu hiyo inakubali tu kama mchanganyiko ni mmoja. Upande mmoja ukiwekwa kokoto nyingi na mwingine mchanga mtupu, ncha hutofautiana kwa kilo kadhaa na mgongo hujipinda ubavuni bila mwenyewe kujua. Pima kila upande kwenye mizani ya duka la nafaka kabla ya kuutumia, kisha andika uzito kwa rangi. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye dedilifti. Sahani rasmi ya chuma ina kipenyo cha sentimita 45, hivyo fito hukaa sentimita 22.5 kutoka ardhini. Kopo la lita 4 lina kipenyo cha karibu sentimita 18, na bomba lake hukaa sentimita 9 tu. Ili kulifikia, karibu kila mtu analazimika kukunja kiuno, na kiuno kilichokunjwa chini ya mzigo ndicho kinachosukuma ute wa diski nyuma. Kijana mwenye kilo 60 za zege anaweza kuwa kwenye mkao mbaya kuliko Coleman mwenye kilo 200. Dawa yake ni tofali 2 za inchi 6 zilizolazwa, kila ncha juu ya tofali lake. Bomba litapanda hadi karibu sentimita 24, na kiuno kitanyooka. Kwenye skwati, bomba likae juu ya msuli wa mabega, si juu ya mfupa wa shingo. Vuta pumzi tumboni na kaza tumbo kabla ya kushuka, shuka hadi pale kiuno kinapotaka kujikunja na uishie hapo, na weka vizuizi viwili vya mbao imara au magogo pembeni vya kupokea bomba ukishindwa. Ongeza kilo 2.5 kwa mara, na uongeze tu baada ya kumaliza marudio 10 safi kwenye seti zote.

Siku kiuno kinapolia "paa", mambo mengi yanaharibika ndani ya saa 24 za kwanza. Kinachofanyika mara nyingi ni kumaliza seti, kuomba mwenzako akukanyage mgongoni, kununua diklopa kwenye duka la dawa, na kurudi kesho kutwa kwa sababu maumivu yamekwisha. Diklofenaki iliyomo kwenye vidonge hivyo hupunguza uvimbe na kuzima maumivu, lakini ganda la diski lililochanika halijajiunga kwa siku 2, na maumivu yaliyozimwa ndiyo yaliyokuwa yanakuzuia usilichane zaidi. Ukiitumia kwa wiki nyingi huku unatoka jasho na kunywa maji kidogo, figo na tumbo navyo vinaumia. Kinachotakiwa ni kuweka chuma chini hapo hapo, kutembea polepole, na kuacha kabisa kubeba na kuinama na mzigo. Ukipata ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au unyayo ukishindwa kunyanyuka, hiyo ni dharura ya siku ile ile, si ya Jumatatu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ipo kwa ajili ya migongo ya namna hiyo. Bila dalili hizo, wengi hupona kwa subira na mazoezi ya mtaalamu wa viungo. Kurudi kuanze na kukunja nyonga bila uzito, mgongo umenyooka, kisha fito tupu ya kilo 20, kisha kilo 2.5 hadi 5 kwa wiki. Kipimo ni asubuhi inayofuata. Maumivu yakishuka tena mguuni, unarudi hatua moja nyuma. Mtu aliyekuwa anabeba kilo 100 asitarajie kuzigusa kabla ya miezi kadhaa, na asikubali kusukumwa na anayemshangilia.

Yakieleweka haya, anayebanwa na swali habaki kuwa kijana peke yake. Mwenye jimu anayepokea ada ya mwezi ana wajibu wa kuweka daftari lenye jina, uzito unaobebwa na tarehe ya jeraha, ili kocha wa zamu ya jioni ajue kilichotokea asubuhi. Ana wajibu pia wa kusitisha ada ya aliyeumia mpaka arudi, maana mtu aliyelipia mwezi mzima hurudi mapema kwa kuogopa kupoteza fedha yake. Waajiri wa mabaunsa wanaweza kuandika mkataba, hata wa msimu, wenye bima ya afya na wiki kadhaa za mapumziko ya jeraha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na watu hawa wa malipo ya usiku mmoja ndio hasa wanaopaswa kutazamwa inapotekelezwa. Baraza la Michezo la Taifa, ambalo chini yake vyama vya michezo husajiliwa, linaweza kudai kila mashindano ya kutunisha misuli yawe na daktari nyuma ya jukwaa, upimaji wa shinikizo la damu kabla ya kupanda, na marufuku ya vidonge vya kukausha maji, kitu kilichomuua Benaziza. Na kocha, ambaye mara nyingi ni kijana mwenyewe aliyepewa funguo kwa sababu ana kifua kikubwa, apewe ruhusa ya wazi na mwenye jimu kumwambia mteja aliyelipa kwamba leo habebi, na mwenye jimu amtetee mteja akija juu.